Baraza Nililolionea Wivu

Mwanangu Zaina,

Wewe na mama yako mmekwenda Mkata kumuaga shangazi yako, na shangazi yako hamruhusu mgeni kuondoka kabla hajala. Kwa hiyo nina muda wa kuandika, tangu sasa alasiri mpaka karibu na magharibi. Mambo ya chandarua, ndoo ya maji na namna ya kuishi na wenye nyumba mama yako ameyasema wiki nzima, nami sitayarudia. Ninalo jambo moja tu, na ni langu, si lako. Barua hii nitakupa mkononi mtakaporudi, uisome kabla ya kesho asubuhi, kwa sababu kesho asubuhi utavuka barabara kwenda kumuaga Mzee Mhando, na najua utakaa naye muda mrefu kuliko utakaokaa nami.

Tazama, sijamaliza hata ukurasa wa kwanza na wivu umekwisha kuingia. Acha uingie. Ndio ninaotaka kukueleza.

Maisha yako yote nyumba yetu imetazamana na nyumba ya Mzee Mhando, barabara ya kwenda Handeni mjini ikipita katikati. Yetu ni ya matofali ya kuchoma. Yake ni ya miti na udongo, na bati lake limeungwa vipande vipande. Ukimwuliza mpita njia ipi kati ya hizo mbili ni nyumba bora, atakujibu bila kufikiri. Ukimwuliza angependa kupumzika wapi, atavuka kwenda upande wa pili, na hatakueleza sababu, maana mwenyewe haijui.

Baraza lake unalijua kuliko mimi. Lilikuwa udongo uliopandishwa mpaka usawa wa goti, ukashindiliwa, ukasiribwa upya kila mvua zilipokwisha, na nguzo nne za milingoti ya mkonge iliyokauka zikashikilia ukingo wa paa. Basi, hakuna kingine. Mwenyewe aliketi pembeni na fungu lake la katani akisokota kamba, kazi aliyoizoea tangu alipokuwa mkata mkonge kule Ngombezi. Na kamba yake haikusokotwa na mtu mmoja; alitakiwa mtu wa kushika ncha ya pili. Kwa hiyo yeyote aliyeketi pale alikabidhiwa ncha: mwenye baiskeli aliyepata pancha, mama anayetoka kung'oa mihogo, Mmasai anayepeleka mbuzi mnadani. Hakuna aliyeulizwa jina kwanza. Aliambiwa tu, "Shika hapa, usilegeze," na kamba ilipofika urefu wa pima mbili alikuwa amekwisha kueleza safari yake yote, na ya mke wake.

Mimi niliyatazama hayo kutoka dirishani. Nimefundisha katika wilaya hii miaka mingi; nusu ya watu waliokaa pale niliwafundisha kusoma mimi. Waliponipita waliniamkia, "Shikamoo, Mwalimu," kwa adabu kamili, wakanyoosha migongo kama walivyokuwa wakifanya mstarini. Kisha wakavuka barabara wakaenda kucheka kwa mtu aliyeacha shule darasa la tatu. Vicheko vile vilinifikia mezani. Sikupata kujua walicheka nini, na hadhi yangu haikuniruhusu kuuliza.

Halafu ukaanza kwenda wewe. Ulikuwa darasa la pili. Baba yako ana meza, ana taa, ana kamusi mbili, nawe ukachukua daftari la hesabu ukaenda kuketi juu ya udongo, miguu inaning'inia, ukimsomea Mzee Mhando maswali ambayo yeye hawezi kuyajibu. Jioni moja nilikuita kutoka dirishani.

"Zaina, njoo ufanyie kazi yako nyumbani."

"Baba, nimeshika ncha! Nikiachia itafumuka yote."

Na yule mzee akadakia, "Mwache amalize, Mwalimu. Ukimchukua sasa, itabidi uje ushike wewe."

Watu wakacheka. Leo naona kwamba alikuwa ananikaribisha. Siku ile nilisikia dhihaka, nikafunga dirisha, nikawasha taa nikasahihisha madaftari ya watoto wa wenzangu.

Nilipostaafu, sehemu kubwa ya kiinua mgongo changu niliimwaga mbele ya nyumba. Unaikumbuka kazi ile. Fundi alijenga baraza la saruji, pana, lenye nguzo za matofali na ngazi tatu, na sakafu akaitia rangi nyekundu iliyong'arishwa mpaka mtu anaona kidevu chake. Nilinunua viti sita. Niliwaambia watu kwamba mzee aliyestaafu anahitaji mahali pa kupunga upepo. Upepo ungenipata hata chini ya mchirizi wa bati. Nilichotaka ni watu wa Mzee Mhando, na hasa mmoja kati yao, mwenye daftari.

Wa kwanza kuja alikuwa Hamisi, fundi baiskeli, mwanafunzi wangu wa zamani.

"Karibu, Hamisi. Vua viatu."

"Nakaa kidogo tu, Mwalimu, nina haraka."

"Haraka haimzuii mtu kuvua viatu."

Akavua. Soksi yake moja ilikuwa na tundu, akaukunja mguu ule chini ya kiti na kuketi ukingoni, kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu.

"Mvua huko mlikolima?"

"Ipo ipo, Mwalimu."

"Mvua haiwi ipo ipo. Ama imenyesha au haijanyesha."

"Imenyesha, Mwalimu."

Akanywa maji, akashukuru, akaaga. Haikupita nusu saa nikamwona ng'ambo, viatu miguuni, mkono mmoja umeshika ncha ya kamba na mwingine unapiga hewa, anasimulia habari za mvua ileile, na watu wamemkodolea macho. Nilijifunza habari za mashamba ya Hamisi siku ile kwa kutega sikio upande wa pili wa barabara.

Mama yako, ambaye hajapata kusoma vitabu vyangu hata kimoja, aliniambia bila kuinua macho kwenye ungo wake, "Baba Zaina, watu hawafuati saruji. Kwa Mzee Mhando mtu akikaa, nusu yake bado iko njiani. Hapa kwako mtu akikaa amekwisha ingia chumba cha mtihani."

Nilimjibu kwamba nyumba yenye heshima ina utaratibu. Akasema, "Haya," neno ambalo wewe na mimi tunajua uzito wake akilitamka yeye.

Nimefikiri sana tangu hapo juu ya kitu kinachowavuta watu barazani, na nadhani sasa nakijua, ingawa nimekijua kwa kukikosa. Ndani ya nyumba huingii bila hodi, na ukiingia huwezi kutoka bila kuaga. Mwenye nyumba lazima akuulize unataka nini, nawe lazima uwe na unachokitaka. Barazani hapabishwi hodi. Mtu hukaa kwa sababu miguu imechoka au kwa sababu hakuna sababu, na akitaka kwenda huinuka akaenda, na mazungumzo hayakatiki kwa ajili yake. Mtu mwenye jambo zito hulileta pale kwa sababu anaweza kulisema huku anatazama barabara, hamtazami mtu. Mimi maisha yangu yote niliwataka watu wanitazame.

Sasa nafika mahali pagumu.

Siku yalipotoka majina ya waliochaguliwa kwenda chuo cha uuguzi, ulikuwa umekwenda Mkata kuyatafuta. Mimi nilikuwa nimevaa shati jeupe tangu asubuhi. Niliketi kwenye baraza langu jekundu peke yangu na viti vitano vitupu. Bodaboda ikasimama mbele ya nyumba yetu, mbele yangu kabisa, nikainuka. Uliteremka, ukanitazama, ukasema, "Baba, nakuja," ukageuka, ukakimbia ng'ambo.

"Babu! Babu, nimepata!"

Kamba ikaanguka, wanawake wakapiga vigelegele, na Mzee Mhando akasimama kwa shida, maana magoti yake unayajua, akaniita kwa sauti ya mtu mwenye sherehe, "Mwalimu! Njoo! Njoo umwone mtoto wetu!"

Wetu. Nilivuka. Niliweka mkono kichwani pako, nikasema, "Vizuri." Hilo ndilo neno pekee nililokupa siku ile, na nimelijutia. Nilitaka uwe mwalimu kama mimi. Hamu ya uuguzi uliipata juu ya udongo ule, siku Mzee alipokusimulia jinsi alivyomzika mtoto wake wa kwanza wakati alipokuwa kibarua, zahanati ikiwa mbali na mvua imekata njia. Mimi nilikuwa sijapata kukusimulia jambo lolote lililoniuma. Ningewezaje kushindana naye? Yeye alikupa msiba wake, mimi nilikupa kamusi.

Niliporudi nyumbani niliketi mezani, nikaandika barua kwa ofisi inayosimamia barabara.

Ndiyo, Zaina. Ilikuwa mimi.

Niliandika kwamba kuna baraza la udongo lililojengwa ndani ya hifadhi ya barabara, kwamba linakusanya watu wengi karibu na magari, na kwamba ni hatari kwa usalama wa watoto. Nilitia sahihi "Mwananchi Mpenda Sheria". Kila sentensi ilikuwa ya kweli. Nilihesabu hatua kutoka katikati ya barabara kabla sijaandika, kwa sababu mimi si mtu wa kusema asichokihakiki. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kwamba mtu anaweza kumdhulumu jirani yake kwa sentensi za kweli tupu. Na mtoto niliyemwaza ulikuwa wewe, na hatari niliyoiona ni kwamba ulikuwa na furaha mahali ambapo mimi sikuwapo.

Wewe ulikuwa umekwisha kwenda chuoni walipokuja vijana wawili na utepe wa kupimia na kopo la rangi nyekundu. Walipima, wakapiga alama ya X kwenye nguzo ya mlingoti. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikijifanya nasoma gazeti. Kisha yule mwenye utepe akageuka, akaja upande wangu.

"Shikamoo, mzee. Na hili baraza ni lako?"

Nilihesabu hatua upande mmoja tu wa barabara. Mtu aliyefundisha hesabu miaka yote ile! Baraza langu lilikuwa limetokeza kuliko la Mzee Mhando, kwa kuwa nilitaka lionekane kutoka mbali. Wakapiga X mbili, moja kila nguzo.

Kijiji kizima kilikuja kunipa pole. "Pole, Mwalimu, gharama yote ile!" Hamisi alikuja, akavua viatu kabla sijamwambia, akasema, "Dunia haina huruma, Mwalimu." Niliziitikia pole zile moja moja. "Tumeshapoa." Hakuna aliyewaza kwamba mtu angeweza kujichongea mwenyewe, na kosa langu likawa ndilo ngao yangu.

Mzee Mhando alilivunja baraza lake kwa jembe, asubuhi moja tu. Kesho yake nikamwona anavuka, jembe begani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Langu lilikuwa udongo, limekwisha rudi udongoni. Hili lako la saruji litakuvunja mgongo. Nyundo iko wapi?"

Alipiga nyundo kwangu siku mbili. Sakafu yangu nyekundu aliibandua vipande kwa uangalifu, akavipanga, akidhani nitavihitaji tena. Tulipopumzika tuliketi juu ya vifusi tukanywa kahawa yake ya tangawizi kutoka kwenye chupa aliyokuja nayo, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane tulizungumza kwa muda mrefu. Nilifurahi, Zaina. Nakuambia hili ingawa ni baya: katikati ya uharibifu nilioufanya nilifurahi, kwa sababu Mzee Mhando alikuwa ameketi kwangu.

Akasema, "Sijui ni nani aliyetuchongea."

Nami nikajibu, "Watu hawana wema."

Nimesema mambo mengi maishani ambayo ningependa kuyafuta. Hilo ndilo la kwanza.

Uliporudi likizo, uliteremka kwenye gari, ukaona mlango wa Mzee umesimama uchi kando ya barabara, ukalia. Ulilia barabarani mbele ya watu. Vifusi vya baraza letu uliviruka kama mtu anavyoruka dimbwi, hukuvitazama. Nilisimama pale, mwenye hatia yote, na bado nafsi yangu ilinung'unika kwamba la kwetu hukulililia.

Nilidhani kwamba sasa utakaa nyumbani. Ulikaa, ndani, na simu yako. Nilidhani watu watatafuta mahali pengine pa kukaa na huenda pakawa kwangu. Hawakutafuta. Wanapita. Wakifika kwa Mzee Mhando wanasimama, wanaamkia, wanasema jambo moja, wanaendelea, maana hakuna anayesimulia jambo refu akiwa amesimama juani. Yeye anakaa kwenye kigoda mlangoni pake, na ncha ya pili ya kamba ameifunga kwenye msumari wa fremu. Nilipata nilichokiomba kwa maandishi. Hakuna anayecheka ng'ambo. Vicheko vile viliniuma. Katika ukimya huu nashindwa hata kusoma gazeti.

Sitaki kugeuza haya kuwa somo. Umesikia masomo yangu ya kutosha. Lakini kuna jambo moja ambalo hutaliona kirahisi, nami nimelilipia, basi lichukue. Wivu wa mtu aliyesoma haujitaji jina. Huja umevaa kanuni. Huko Mazinde, ulikopangiwa zahanati baada ya chuo, utafanya kazi na watu, na huenda katika zahanati hiyo pakawa na mwenzako ambaye wagonjwa watampenda kuliko wewe, pengine mtu asiyejua nusu ya unayoyajua. Utaona kwamba anachelewa, kwamba daftari lake halijapangwa vizuri. Yatakuwa kweli. Kabla hujayasema, jiulize kama ungeyasema kwa mtu ambaye hapendwi.

Wiki iliyopita tulipokwenda kutazama chumba chako, kibaraza cha mbele ulikipenda kabla hujafunguliwa mlango. Saruji yake imebanduka, na mbele yake hakuna kitu ila mistari ya mkonge mpaka milimani. Uliketi ukingoni ukasema, "Hapa patanifaa." Mimi nikasema komeo la mlango si imara. Lilikuwa kweli, kama kawaida yangu. Lakini nilichokuwa nikikiona ni wewe jioni, umevua viatu vya kazi, na wanawake wa jirani ambao sijui hata majina yao wameketi nawe, wanakusikia ukieleza siku yako. Niliwaonea wivu watu ambao wewe mwenyewe bado hujakutana nao. Chukua chumba kile. Komeo hubadilishwa.

Nimesoma tena niliyoyaandika, nikaona kosa jingine. Nikikupa barua hii, kesho utakwenda kumuaga Mzee Mhando ukiwa unajua asichokijua. Utalazimika kumficha au kumwambia, na yote mawili ni mzigo wangu nimekutwika wewe. Naiweka kalamu chini. Navuka.

Nimerudi. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Alikuwa mlangoni anasokota.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Kumbe umekuja! Nilikuwa nasema nikuite. Hii namsokotea Zaina, afungie begi. Zipu za siku hizi ni waongo watupu."

"Mzee, ile barua ya kuvunjiwa baraza niliiandika mimi."

"Barua gani?"

"Iliyowaleta wale vijana wenye kopo la rangi. Sikuchongewa. Niliandika mimi."

Mikono yake ikasimama. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu.

"Lakini walivunja na lako."

"Sikulipima la kwangu."

Nilidhani atacheka. Angecheka, ningestahili, na labda ningepumua. Hakucheka.

"Siku zile mbili ninapiga nyundo kwako, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na kahawa yangu ukanywa."

"Nikanywa, mzee."

"Nilikukosea nini, Mwalimu? Niambie, nami ni mtu mzima, nitasikia."

Nilitafuta jibu lenye heshima, sikulipata. Nikasema, "Mtoto alikuja kwako kwanza."

Lori lililojaa magunia likapita, akangoja vumbi lake litulie. Kisha akasema, kwa hasira ambayo sijapata kuisikia kwake, "Unajua mtoto yule alikuwa akikaa wapi? Pale, pembeni, mahali penye jua. Kivulini hakutaka. Nikimwuliza, anasema pale ndipo anapoliona dirisha la baba yake. Akisikia mtu anasema jambo la kuchekesha anasema, 'Sema kwa nguvu, babu, Baba asikie.' Miaka yote ile tulipayuka kama wendawazimu kwa ajili yako. Nawe ukafunga dirisha."

Nilimwambia kwamba nimekuandikia wewe pia, na kwamba utayajua haya leo.

"Yeye hana kosa," akasema. "Aje kesho kama alivyozoea. Wewe nenda kwako. Leo sina jibu la kukupa, na kesho sijui."

Akaifungua ncha ya kamba kwenye msumari, akachukua kigoda, akaingia, akafunga mlango. Jua lilikuwa bado halijazama. Tangu nimjue sijapata kuuona mlango ule umefungwa mchana.

Sikuja na msamaha, basi, wa kukuonyesha. Huenda ukaja baadaye, huenda usije. Wewe nawe sikuombi uniambie leo kwamba umenisamehe. Hasira ukiwa nayo, nenda nayo Mazinde, uikalie mpaka uione mwisho wake, kisha uniandikie au usiniandikie. Ninachokuomba ni kimoja. Kesho nenda kwake kwanza. Kaa naye kadiri utakavyo. Mimi nitakuwa kando ya barabara nimeshika begi lako, na gari la Handeni likija nitalisimamisha. Konda akipiga kelele nitabishana naye, kubishana najua. Wivu utakuwapo, sitakudanganya. Nimeishi nao muda mrefu na hauondoki kwa barua moja. Nitausimamia palepale upande wangu, wala sitakuita.

Nawasikia mnakuja. Shangazi yako amewafungia chakula, maana mama yako analalamikia uzito wa mzigo tangu kwenye kona, nawe unacheka. Natoka kukupokea mzigo, na barua hii nitaitia mkononi mwako hapohapo nje, kabla sijapata hoja nzuri ya kuichana.

Baba yako,
Mwalimu Athumani